Kufundisha Michezo ya Majira ya Joto na ya Baridi Shule ya Msingi kwa Simu, Video na Projekta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa walimu wa shule za msingi wanaotaka kufundisha michezo ya Olimpiki ya majira ya joto na ya majira ya baridi huku vifaa vyao vikiwa ni simu ya mkononi, runinga ya ofisini, au projekta inayoazimwa shule jirani. Nimeyajibu kama mwalimu anayelipenda somo hili. Msimamo wangu ni kwamba skrini iwaoneshe watoto kile ambacho hatuwezi kukileta uwanjani, kisha izimwe, watoto watoke nje wakajaribu kwa miili yao.

Kwa nini nimfundishe mtoto wa Morogoro au Kisumu michezo ya theluji ilhali theluji yenyewe hajawahi kuiona?

Kwa sababu ameshaiona kwenye skrini. Kila baada ya miaka minne runinga na simu hujaa picha za watu wanaoruka kutoka kwenye minara ya theluji, na mtoto hubaki na maswali yasiyo na wa kuyajibu. Tena, hakuna mada nyingine ninayoijua inayobeba kwa pamoja majira, mzunguko wa dunia, msuguano, ramani na hesabu za muda. Na wapo watu wa kwetu walioshiriki. Nitawataja chini.

Tofauti hasa ni ipi? Wanafunzi wangu wanasema mpira wa kikapu ni wa baridi kwa sababu unachezwa ndani ya jengo.

Hoja yao ina akili, msiicheke. Jibu lipo kwenye Mkataba wa Olimpiki: mchezo wa majira ya baridi ni ule tu unaochezwa juu ya theluji au barafu. Kwa hiyo mpira wa kikapu, mpira wa wavu na judo ni vya majira ya joto hata vikichezwa ndani, nao mchezo wa kuteleza kwa sanaa kwenye barafu ni wa baridi hata ukifanyika kwenye ukumbi wenye paa.

Wakubwa kidogo, wa darasa la tano kwenda juu, wape na historia yake. Olimpiki ya kisasa ilianza Athens mwaka 1896. Ile ya majira ya baridi ilianza Chamonix, Ufaransa, mwaka 1924. Kabla ya hapo kuteleza kwa sanaa kuliingizwa kwenye Olimpiki ya London ya 1908, na hoki ya barafu kwenye ile ya Antwerp ya 1920, zote zikiwa za majira ya joto. Hadi 1992 michezo ya aina zote mbili ilifanyika mwaka mmoja. Kuanzia Lillehammer 1994, ya baridi ikahamia katikati, ndiyo maana sasa kuna Olimpiki kila baada ya miaka miwili.

Nina simu moja na wanafunzi themanini. Nitafanyaje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, nalo linastahili jibu refu.

Kwanza, acha kufikiria kwamba wote themanini lazima waitazame simu kwa wakati mmoja. Gawa darasa makundi manne. Kundi moja linatazama video ukiwa nalo. La pili lina picha zilizochapishwa na linazipanga: theluji, barafu, maji, nchi kavu. La tatu linachora hatua za mchezo mmoja kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne. La nne liko nje na kiranja wake likipima mbio. Baada ya dakika kumi wanabadilishana. Kelele zitakuwepo, lakini zitakuwa kelele za kazi.

Pili, tafuta runinga. Shule nyingi zina runinga ofisini au kwa mwalimu mkuu, na nyingi zina tundu la flashi upande wa nyuma. Hifadhi video kwenye flashi, hakikisha ni faili la MP4, na ulijaribu siku moja kabla, kwa sababu runinga za zamani hukataa baadhi ya mafaili. Kama unaunganisha kwa waya wa HDMI, beba kompyuta mpakato, maana si kila simu inakubali waya huo.

Tatu, usidharau sauti peke yake. Spika ndogo ya kuchaji inatosha darasa zima. Wasikilizishe watangazaji na kelele za umati, waambie wafumbe macho, kisha waulize: mko uwanja gani? Kuna upepo? Wanakimbia au wanateleza? Watoto waliokaa nyuma, ambao kwa kawaida hawaoni skrini, hapo wanakuwa sawa na wa mbele.

Nne, kitabu cha kupeperusha. Kila mtoto achore mtu anayeruka, kurasa kumi na mbili, kila ukurasa ukibadilika kidogo. Akipeperusha kurasa kwa kidole, mtu anaruka. Ukizipiga picha kurasa hizo kwa simu moja baada ya nyingine na kuziunganisha kwa programu ya bure ya kutengeneza katuni, mmepata video yenu wenyewe, na watoto wameelewa kwamba video ni picha nyingi zinazopita haraka.

Intaneti yetu ni ya kubahatisha na bando ni ghali.

Usifundishe ukitegemea mtandao wakati wa kipindi. Pakua mapema mahali penye Wi-Fi na uchague ubora wa chini. 360p inatosha kabisa kwa simu na hata kwa runinga ndogo. Kuna programu ya Kiwix inayokuwezesha kuhifadhi Wikipedia nzima au sehemu yake, pamoja na ile ya Kiswahili, ukaisoma bila mtandao. Kolibri, programu ya masomo, nayo hufanya kazi bila intaneti katika shule zenye kompyuta moja inayohudumia nyingine. Picha zilizo huru kutumika zinapatikana Wikimedia Commons.

Jambo moja la kuheshimu: picha za video za Olimpiki zinalindwa vikali na haki miliki. Kuzitazama darasani kutoka kwenye chaneli rasmi ni jambo moja, na kuzikata na kuzirusha upya kwenye ukurasa wa shule ni jambo jingine. Hilo la pili usifanye.

Na kabla ya kuwasha skrini mbele ya watoto, weka simu katika hali ya ndege. Matangazo na video zinazojicheza zenyewe zimeshawaaibisha walimu wengi.

Video iwe na urefu gani?

Dakika tatu, na kwa darasa la kwanza na la pili hata mbili zinatosha. Isimamishe katikati. Mrukaji yuko hewani, bonyeza, uliza: atatua wapi? Kwa nini ameinama mbele? Wape nafasi ya kubishana kabla hujaiendeleza. Video ya dakika ishirini bila kusimamishwa ni usingizi, hata kama watoto wamefumbua macho.

Maelezo ya video zote ni ya Kiingereza. Nitafsiri?

Hapana. Zima sauti, uwape watoto kazi ya kutangaza.

Nchi zetu zimelelewa na watangazaji wa mpira wa redioni, wale ambao msikilizaji akiwa shambani au jikoni anauona mpira kwa masikio. Watoto wanaijua sauti hiyo vizuri sana. Wakicheza chandimu jioni huwa kuna mmoja anayetangaza huku akikimbia. Sasa mpe video ya sekunde arobaini ya mbio za kuteleza kwenye barafu, bila sauti, aitangaze. Mara ya kwanza atasema “anaenda, anaenda, anaenda”. Mwambie arudie, lakini safari hii aseme mkono uko wapi, goti limekunjwa vipi, nani yuko ndani ya kona. Mara ya tatu utasikia lugha: amejikunja kama mshale, amechomoka, amempiku mwenzake kwenye kona, amebakiza hatua chache, anamaliza!

Rekodi kwa simu. Wachezeshe tena wakisikiliza. Hapo unapata alama za kuzungumza na kusikiliza katika Kiswahili bila kutoa mtihani wowote. Wanaoogopa kusimama mbele waruhusu watangaze wawili wawili, mmoja akieleza kinachotokea na mwingine akichambua. Nimeona mtoto asiyenyanyua mkono mwaka mzima akitangaza mbio za ubao wa theluji mpaka darasa likapiga makofi.

Majina ya michezo yasikupe shida. Skii, hoki ya barafu, ubao wa theluji, kuteleza kwa sanaa, baiathloni, kalingi: yaandike ubaoni, yatamkwe, basi.

Nianze na mwanamichezo gani?

Anza na wawili walioshika mkia.

Wa kwanza ni John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa Tanzania aliyetoka Mbulu. Oktoba 20, 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, jiji lililo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, alianguka na kuumia vibaya goti. Hakuacha. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani giza likiingia, mguu umefungwa bandeji, akamaliza kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Alipoulizwa kwa nini hakujitoa, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma aende kuanza mbio, ilimtuma akazimalize.

Wa pili ni Philip Boit wa Eldoret, Kenya. Alikuwa mkimbiaji, akaanza kujifunza skii nchini Finland mwaka 1996, na Februari 1998 akashiriki Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo. Katika kilomita 10 alimaliza wa 92, wa mwisho kati ya waliomaliza, kwa dakika 47 na sekunde 25. Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norway, dakika 27 na sekunde 24. Dæhlie alibaki kwenye mstari wa kumalizia akimsubiri, akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Alirudi tena Olimpiki mwaka 2002 na 2006.

Weka hadithi hizi mbili kwenye kipindi kimoja na kazi inajipanga yenyewe. Hesabu: Akhwari alichelewa kwa muda gani? Na Boit? Ramani: Mbulu hadi Mexico City, Eldoret hadi Nagano, ukiwa na Google Earth, waache watoto wapae na kidole kutoka mji mmoja hadi mwingine. Sayansi: kwa nini hewa nyepesi ya Mexico City ilikuwa ngumu kwa wakimbiaji wa marathoni kuivumilia? Wape neno “oksijeni” na umwache kila mmoja aeleze alivyojisikia alipopanda mlima. Maadili: mshindi aliyemsubiri wa mwisho alikuwa anafikiria nini? Swali hili la mwisho huchukua muda mrefu kuliko mengine yote, nami huuacha uende.

Picha za wote wawili zipo mtandaoni na ni rahisi kuzipata. Kama utakuwa na nafasi ya video moja tu mwaka mzima, iwe ya Akhwari akiingia uwanjani.

Majira yanawachanganya. Mbona Olimpiki ya majira ya joto hufanyika Julai, wakati sisi ni kipupwe?

Chukua mpira, tochi na chumba chenye giza. Mhimili wa dunia umeinama kwa takriban nyuzi 23.5, basi Julai nusu ya kaskazini inaelekea jua na nusu ya kusini inalikwepa. Paris 2024 ilifanyika Julai na Agosti, kukiwa na joto huko, huku Njombe watu wamevaa masweta. Mwezi huohuo Lesotho kunaanguka theluji na watu wanateleza kwa skii, hapahapa Afrika. Zungusheni mpira mpaka kila mtoto ameonesha mwenyewe mahali ilipo Njombe na ilipo Paris. Mchoro wa ubaoni hauwezi kufanya kazi hii.

Lakini kuna barafu Kilimanjaro. Mbona hakuna skii?

Iko juu mno, kileleni kwenye mita 5,895, ambako hewa ni nyepesi na kufika kunachukua siku kadhaa. Tena inapungua: zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 imeshatoweka. Waoneshe picha mbili za kilele, ya zamani na ya sasa, zikiwa bega kwa bega, unyamaze. Kisha waeleze kwamba hata Beijing, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya 2022, karibu theluji yote ilitengenezwa kwa mashine.

Watahisije michezo ya baridi bila baridi?

Anza na barafu za juisi zile za mifuko wanazonunua mapumziko. Weka kipande cha barafu juu ya meza laini, na pembeni yake kipande cha ubao cha ukubwa uleule. Sukuma vyote kwa nguvu ileile. Kipi kimefika mbali? Juu ya barafu kuna tabaka jembamba sana lililo kama maji, ndiyo maana inateleza. Sasa rudi kwenye video ya mtelezaji na wataitazama kwa macho mengine.

Kalingi ni mchezo bora kabisa kwa sakafu ya saruji. Kwenye barafu, timu husukuma jiwe la matale lenye uzito wa karibu kilo 20 likasimame kwenye shabaha ya duara, huku wenzao wawili wakifagia mbele yake kupunguza msuguano ili lifike mbali zaidi. Watoto wanaona watu wanafagia na wanacheka, kisha wanauliza kwa nini. Chukua chupa ya plastiki iliyojazwa maji nusu, chora duara kwa chaki, sukuma. Halafu futa sakafu kwa kitambaa chenye maji kidogo, sukuma tena, mpime kwa rula tofauti ya umbali. Andika namba ubaoni. Kausheni sakafu kabla ya kutoka, watoto wasianguke.

Baiathloni nayo inahitaji uwanja na makopo tu. Mwanamichezo anateleza kwa skii mpaka moyo unadunda, anasimama, analenga shabaha tano kwa bunduki. Akikosa moja, katika mbio nyingi anaongezewa mzunguko wa mita 150. Watoto wakimbie kuzunguka uwanja, wasimame, warushe mipira mitano ya makaratasi kwenye makopo. Kila kopo lililokoswa ni mzunguko mdogo wa ziada. Wahesabu mapigo ya moyo kabla na baada. Watagundua wenyewe kwamba aliyekimbia kwa pupa kuliko wote ndiye aliyekosa makopo mengi. Piga video kwa mwendo wa polepole, simu nyingi zinaweza, muitazame pamoja: mkono ulitetemeka wapi?

Mteremko mnao? Watoto wa Moshi na Bukoba hawahitaji kufundishwa kuteleza kwa gome la mgomba. Waulize wao walielezee darasa: unakaaje, unageukaje, unasimamaje? Ndizo mbinu za mteremko wa theluji.

Nina wanafunzi wenye ulemavu. Wanaingia wapi?

Katikati kabisa. Paralimpiki ilianza Roma mwaka 1960, na ya majira ya baridi Örnsköldsvik, Sweden, mwaka 1976. Onesha hoki ya barafu ya watu wanaokaa kwenye vigari vya kuteleza wakijisukuma kwa fimbo mbili fupi. Onesha Henry Wanyoike wa Kenya, asiyeona, aliyeshinda mita 5,000 Sydney mwaka 2000 huku kiongozi wake akiwa ameishiwa nguvu na yeye ndiye akimvuta hadi mwisho.

Halafu chezeni goliboli. Mpira wenye kengele ndani unaviringishwa chini, wachezaji wote wamefungwa macho, wanauzuia kwa kusikia. Mpira wa plastiki wenye kokoto chache unatosha. Darasa lazima liwe kimya kabisa ili mchezo uende, na mwanafunzi asiyeona mara nyingi ndiye nahodha. Kwa wasiosikia, zile video zisizo na sauti zinawafaa bila kubadilisha chochote. Watangaze kwa lugha ya alama.

Naruhusiwa kuwapiga video wanafunzi wangu?

Kwa ridhaa ya wazazi, ya maandishi, ikieleza video itatumika wapi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na picha ya mtoto imo. Kutuma video ya darasa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi ni kuisambaza, kwa sababu huwezi kujua itaishia wapi. Mimi huzitazama na watoto, kisha huzifuta mbele yao.

Wanafunzi wananiletea video za paka wakipiga mbizi kwenye Olimpiki. Niseme nini?

Zitumie. Zimetengenezwa na akili mnemba, na ni nafasi nzuri ya kumfundisha mtoto kuuliza: nani ameirusha? Maji yanaruka kama maji ya kweli? Ubao wa kurukia unapinda? Linganisheni na video ya kweli ya kupiga mbizi. Mtoto wa miaka kumi ana jicho kali kuliko tunavyodhani.

Nitaiweka kwenye kipindi gani?

Tanzania, somo la Sanaa na Michezo ndilo makazi yake, na Jiografia na Mazingira itapokea majira na ramani. Wakati wa maandalizi ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi Tanzania, watoto wamechangamka na michezo, ni muda mzuri. Kama kuna Olimpiki inayokuja, ifuate: michezo ya vijana ya Dakar, Senegal, imepangwa kuanzia Oktoba 31 hadi Novemba 13, 2026, na itakuwa Olimpiki ya kwanza kabisa kufanyika katika ardhi ya Afrika. Andaeni ukuta wa darasa mapema.

Mwanafunzi wangu ameamua atakuwa mtelezaji wa barafu. Nimjibu nini bila kumdanganya?

Mwambie ukweli wote, ule mgumu na ule wa kutia moyo. Sabrina Simader alizaliwa Kenya, lakini alijifunza skii Austria alikokulia, kabla ya kuwa Mkenya wa kwanza mwanamke kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, PyeongChang 2018. Barafu ya karibu iko mbali na ni ghali. Nairobi kulikuwa na uwanja mdogo ndani ya hoteli moja, na hapo ndipo timu ya hoki ya Ice Lions ilipoanzia.

Kisha muoneshe Erin Jackson wa Marekani. Anatoka Ocala, Florida, mahali pa joto, na kwa miaka mingi aliteleza kwa viatu vya magurudumu kabla ya kuhamia barafuni. Beijing 2022 alishinda dhahabu ya mita 500, mwanamke mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya mchezo wa mtu mmoja mmoja kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Viatu vya magurudumu vipo mijini kwetu, na vijana wanaviteleza jioni kwenye viwanja vya saruji. Mwite mzazi wake, mzungumze kuhusu kofia ngumu, vikinga magoti na mahali pasipo na magari, na mtoto aanze hapo.